Barua ya Kufunga Muhula: Kumkumbuka Mwanabiolojia Wetu, na Yale Yanayotupasa Kuambiana

Ndugu wazazi na walezi,

Muhula unafungwa leo. Matokeo ya mitihani yako kwenye fomu aliyokabidhiwa kila mtoto. Kidato cha nne wamefanya vizuri, hasa hisabati, na nawapongeza wao na walimu wao. Katika muhula mwingine ningeandika ukurasa mzima juu ya hilo, lakini muhula huu tumemzika binti yetu, na barua hii ni yake kwanza.

Wengi wenu mnamfahamu. Aliingia hapa kidato cha kwanza, akaenda chuo kikuu kusomea biolojia, akawa mtafiti wa vyura, na kila alipopata likizo alirudi kukaa na klabu ya sayansi bila kutudai chochote. Familia imeomba jina lake lisiandikwe kwenye karatasi inayosambaa, nami nimeheshimu. Nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa akiuliza swali, akijibiwa anauliza tena: "Tumejuaje?" Ilibidi ujiandae vizuri kabla ya kuingia darasani kwao.

Dimbwi lililo nyuma ya maabara alilichimba yeye pamoja na watoto wenu. Masharti yake yalikuwa machache lakini hayakuvunjwa: kabla ya kumshika chura, osha mikono kwa maji safi yasiyo na sabuni, ukimaliza, osha tena, sasa kwa sabuni. Aliwaeleza sababu. Chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Maji huyapata kupitia ngozi, na sehemu ya hewa anayoivuta hupita hapohapo, kwa hiyo mafuta au chumvi iliyo kiganjani mwako inaingia mwilini mwake. Watoto waliolisikia hilo mara moja hawakulisahau.

Hadithi aliyopenda kuwasimulia ni ya chura wa Kihansi, ambaye akikomaa urefu wake ni kama sentimita mbili tu. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Kihansi, Tanzania, akiishi katika manyunyu ya maporomoko, kwenye eneo dogo mno. Hatagi mayai majini. Huzaa watoto waliokwisha kukamilika. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme na manyunyu yakapungua. Mwaka huohuo vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kuzalishwa kwenye bustani za wanyama. Korongoni baadaye walipungua vibaya, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura nao ukaonekana hapo. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wa kwanza wakarudishwa kwao. Alikuwa akifika hapo ananyamaza, anawaachia watoto wabishane: je, umeme au chura? Hakuwahi kuwapa jibu. Aliwataka wataje kwanza kila kinachopotea na kila kinachopatikana, ndipo waseme wanachoona.

Siku ya kumkumbuka, klabu haikusoma mashairi ya kulia. Walileta madaftari yao. Walikuwa wamerekodi sauti za vyura kila jioni ya mvua tangu mwaka jana: saa, hali ya hewa, aina ya mlio. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye wakati wa kawaida hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona, alisimama mbele ya ukumbi akaeleza kwamba kwa aina nyingi wanaolia ni madume, na kwamba chura anapomeza mdudu huyavuta macho yake ndani ya kichwa ili yasaidie kusukuma chakula. Mkaguzi mgeni akamuuliza anajuaje. Akajibu: "Tulimtazama akila, halafu tukasoma kitabuni, vikakubaliana." Nimefundisha miaka mingi, na sijui kama nimewahi kujivunia jibu kama nilivyojivunia lile.

Sasa niseme lililoniuma.

Viti vya wanafunzi siku hiyo vilikuwa nusu tupu. Nilipofuatilia nikaambiwa watoto wamezuiwa nyumbani kwa sababu "vyura ndio waliomuua." Maneno hayo hayakuanzia kwa watoto. Watoto waliyasikia kwa watu wazima. Kwa ruhusa ya familia, nayaandika haya mara moja ili yaishe: binti yetu alifariki kwa donge la damu lililoziba mishipa ya mapafu. Mara nyingi donge la namna hiyo huanzia kwenye mshipa wa ndani wa mguu, likang'oka, likasafiri hadi mapafuni. Humpata hata kijana mwenye afya. Mguu mmoja ukivimba na kuuma bila sababu, au mtu akikosa pumzi ghafla na kifua kumchoma anapovuta hewa, apelekwe hospitali wakati huohuo, asingoje asubuhi. Hili ndilo lingefaa kusambazwa majumbani wiki ile. Ni kweli wapo vyura wenye sumu kwenye ngozi, na alilifundisha hilo waziwazi. Ndiyo maana ya ile sabuni ya mwisho.

Uvumi huo ulizaa ubaya. Wiki iliyofuata, wavulana wa kidato cha pili walimwaga chumvi ndani ya dimbwi. Mmeshasoma hapo juu chumvi inamfanyia nini kiumbe anayekunywa kwa ngozi. Asubuhi wanaklabu waliwakuta vyura wamekufa, na viluwiluwi wote. Watoto walilia kama waliofiwa mara ya pili. Wavulana wale niliwapa adhabu ya kuondoa maji yote, kusugua dimbwi, kulijaza upya, na kuandika daftari la jioni hadi mwisho wa mwaka. Walikubali. Aliyekataa ni mzazi, aliyekuja ofisini kwangu kusema mwanawe hawezi kuadhibiwa kwa ajili ya "vyura tu."

Mzazi mwenzangu, na wengine wanaofikiri hivyo: sikumwadhibu mwanao kwa ajili ya vyura tu. Aliharibu kazi ya wenzake ya mwaka mzima, na alifanya hivyo familia ya marehemu ikiwa bado kwenye msiba. Na hata kama ingekuwa vyura tu, tathmini ya dunia ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba takriban asilimia 41 ya aina za amfibia, yaani vyura na jamaa zao, ziko hatarini kutoweka. Binti yetu alikuwa ameyatoa maisha yake kwa ajili yao. Adhabu inabaki kama ilivyo, na muhula ujao itaendelea.

Ada. Mama wa marehemu hakuwahi kuwa na ada yote kwa mkupuo mmoja. Alikuja kila mwisho wa mwezi na alichonacho, na mwezi asiokuwa nacho alikuja vilevile kueleza. Deni lilikwisha kabla mtoto hajamaliza. Mwenye shida ya kweli aje tupange. Sijawahi kumfukuza mtu wa namna hiyo. Ninaowasema ni wenye uwezo wanaongoja barua ya tatu, huku maabara ikikosa kemikali na mwalimu akichora ubaoni jaribio ambalo watoto walipaswa kulifanya kwa mikono yao. Asiyelipa wala kuja kuzungumza kabla ya kufungua, mwanawe hatapokewa siku ya kwanza.

Sare: sweta za rangi nyingine haziruhusiwi. Vitabu vya maktaba virudishwe. Tarehe ya kufungua iko kwenye kalenda mliyokwisha kupewa.

Klabu ya sayansi itaendelea na mwalimu wa biolojia wa kidato cha tatu. Wanaotaka kujiunga waandikishe majina wiki ya kwanza, wakiwa na daftari na ruhusa ya mzazi iliyotiwa saini.

Wenu,
Mkuu wa Shule