Msimu wa kupanda mnaousimulia ni upi?

Ndugu Mhariri,

Mimi magazeti nimeanza kuyasoma enzi zile yanafika Mwanza jioni watu wameshaacha kubishana kuhusu mechi yenyewe, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia, hata mlipokosea jina la kiwanja sikuandika, nikasema na wao ni binadamu. Ila ile stori yenu ya Jumapili, ya mashabiki wa Pamba, timu yetu ya mpira hapa Mwanza, kuukumbuka msimu wa kupanda Ligi Kuu, hiyo imenishinda. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili chai ikanipalia.

Watu watano mmewahoji na wote watano eti walikuwepo Arusha siku ile tunaifunga timu ya Mbuni tatu moja pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid na kupanda. Wote! Ukijumlisha na wale ninaokutana nao kwenye daladala na saluni, Mwanza nzima ilihamia Arusha, sasa sijui sokoni Mwaloni dagaa walikuwa wanajipima wenyewe. Mimi ni mwana Kawekamo, yaani mtu wa Pamba, wa damu na nasema mbele ya Mungu sikwenda Arusha. Nauli nilikuwa nayo, ila dada yangu alikuwa na sherehe ya kipaimara ya mwanae huko Igoma na mimi ndiye mjomba, sasa mjomba unakosaje?

Na hapo ndipo penyewe. Yule bwana wenu wa tatu, yule mliyempiga picha kashika skafu utadhani kazaliwa nayo, ambaye mmeandika kwamba alikaa nyuma ya goli na bao la tatu likamtoa machozi, yule bwana Jumapili ile ya mwisho wa Aprili 2024 alikuwa Igoma na sisi, chini ya turubai, kapewa kazi ya soda. Namfahamu vizuri, ni jirani, na picha ya siku hiyo ninayo, kavaa shati la kitenge na opena kaifunga kwa kamba shingoni. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni simu nimeificha chini ya meza kwa sababu dada alishaniangalia mara mbili kwa jicho lile, kuna kijana wetu anasoma Arusha alikuwa uwanjani ananitumia meseji, mtandao unaenda unarudi, mkono unatetemeka hadi nikamwagia mchuzi mama mmoja wa jumuiya. Ile meseji ya mwisho inaingia, MC ndio kamwita shangazi mtu anakabidhi baiskeli, mimi nikaruka na kiti kikaanguka, napiga kelele Pamba imepanda, Pamba imepanda, mtoto akajua namshangilia yeye na baiskeli yake akanikimbilia kunikumbatia, nikamkumbatia nalia, watu wakapiga vigelegele. Sasa huyu bwana wenu akaja na chupa mkononi akaniuliza kwa utulivu kabisa, Pamba imepanda vipi mwezi huu, si tunapanda Novemba? Yaani alidhani naongelea shamba! Nikamwambia Ligi Kuu wewe, tumerudi Ligi Kuu baada ya miaka 23! Akasema aah, mpira, akaenda kuwafungulia wazee Mirinda. Huyo ndiye mliyempa nusu ukurasa.

Simlaumu sana yeye, kumbukumbu ya kuazima haina kodi. Nawalaumu nyie, hamkumuuliza hata swali moja la maana.

Halafu mmeandika kwamba uwanja wetu wa Nyamagana ulikuwa unafurika kila mechi. Wapi? Zile mechi za mwisho mwisho sawa, tulibanana. Lakini ule msimu wa Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu, ulikuwa mrefu bana, kuna mechi za katikati ya wiki, saa kumi jua bado kali, nyasi bandia zinatoa joto kama jiko la mkaa, tulikuwa tunakaa kwa kujuana. Ukikosa leo kesho unaulizwa ulikuwa unaumwa. Kuna mama alikuwa anauza karanga kwenye vikaratasi vya madaftari ya shule, siku moja tunacheza hovyo kabisa hakuna pasi mbili zinazofika nikafungua changu nikakuta hesabu za mtoto wa watu, kazidisha 7 mara 8 kapata 54, mwalimu kamkata na wino mwekundu, tatu ya kumi. Nikampasia mzee wa pembeni, akakisoma akasema huyu ndiye anapanga kikosi chetu leo. Tulicheka hadi mshika kibendera akageuka. Huo ndio msimu wa kupanda ninaoukumbuka mimi, mambo ya kubebana mabegani yalikuwa ya siku moja tu. Na kocha Mbwana Makata aliyekaa kwenye benchi jua hilo hilo mmemtaja kwa mstari mmoja, tena jina la kwanza hamkuandika.

Na hiyo miaka 23 mmeiandika kama namba tu. Kuna watu walimaliza umri wao humo ndani. Mzee wangu alikuwa kila akianza kusimulia zile bao 12 tulizowapiga Anse Boileau ya Shelisheli mwaka 1990 ujue wali unaungua, maana hamalizi bila kukutajia kikosi, akina Fumo Felician, Nteze John, George Masatu, Khalfan Ngassa ambaye nyie vijana mnamjua kama baba yake Mrisho tu. Mzee alifariki Pamba ikiwa daraja la chini huko hata magazeti hayaandiki matokeo. Mlishindwa kumtafuta mtu mmoja wa aina hiyo? Wapo wengi tu, nendeni Mlango Mmoja saa nne asubuhi kwenye kahawa, hata hamtahitaji kuuliza, mtaambiwa wenyewe.

Na kwa kuwa nimeshaanza kuandika ngoja nimalize na hili la jezi maana linanikaba. Hawa wanaokumbuka sana, njoo uwaangalie Simba au Yanga wakija CCM Kirumba. Asubuhi mtu ana jezi ya Pamba, saa tisa kaivua, ndani kuna nyingine, kumbe alivaa mbili kama kitunguu! Mimi nimekaa uwanjani kwetu, mji wetu, tiketi nimenunua kwa hela yangu, nikashangilia kona, kona tu sio goli, kijana mmoja akanigeukia akaniambia mzee kaa chini unatuziba. Ng'wanawane, unanikalisha chini Kirumba? Mimi nimeingia hapa wewe hata hujazaliwa! Na huu ugonjwa sio wa Pamba peke yake. Toto African, timu nyingine ya Mwanza, tuliwaita watoto wa Yanga, wakicheza na Yanga hujui nani mgeni. Mbao, nao wa hapa hapa, mwaka 2017 wanaitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la FA hapo hapo Kirumba, moja bila, vijana wetu wa Mwanza wanakwenda fainali, na kuna wenzetu wa Mwanza hii hii wanatoka wamenuna kama wamefiwa. Fainali Dodoma tukafungwa na Simba mbili moja dakika za nyongeza, wale waliokuwa wamenuna wakanuna tena safari hii kwa sababu Simba kachukua kombe, sio kwa ajili ya Mbao! Leo Mbao iko wapi, Toto iko wapi, Alliance iko wapi, zote zimeshuka na sijaona mwandishi wenu hata mmoja amekuja kuuliza msimu wa kushuka ulikuwaje. Huo nawahakikishia mngepata mashahidi wachache, ila wote wa kweli.

Sasa msije mkasema nalalamika tu. Ushauri wangu ni huu, mkitaka kumhoji shabiki wa msimu ule muwe na mtihani mdogo. Msimuulize habari za Arusha, Arusha kila mtu kaiona kwenye simu. Muulizeni karanga za Nyamagana zilifungwa na nini. Akisema mfuko wa nailoni, funga daftari lako msalimie ondoka. Muulizeni ataje mechi moja mbovu, moja tu, tuliyocheza vibaya hadi akataka kuondoka lakini hakuondoka. Aliyekuwepo atakutajia tano na atakasirika upya palepale. Na picha akipigwa apigwe na jezi ile ile aliyokuwa nayo, iliyopauka, sio skafu mpya bado ina alama ya kukunjwa dukani, mnadhani hatukuiona?

Kama nafasi ya kurekebisha ile stori haipo sitagomba sana, najua kurasa ni ghali na siku hizi kubeti kumekula nusu ya gazeti. Ila kwa huyu jirani yangu, kwa kuwa namba yake mnayo na mimi siku hizi hapokei simu zangu, nawaomba mkimpigia mwulizeni na jambo jingine. Siku ile ile tunapanda, jioni, aliondoka Igoma na kreti la chupa tupu kwenye bodaboda, akasema analirudisha dukani kesho yake. Dada yangu bado analisubiri.

Mwana Kawekamo,
Mabatini, Mwanza.