Picha za Mji Mkongwe zilizoko Evanston zinahitaji macho ya wazee wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie picha za mji wetu ambazo hazipo mjini kwetu. Zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, mji wa Evanston, kaskazini ya Chicago, Marekani. Chuo hicho kina maktaba maalumu ya mambo ya Afrika inayoitwa Herskovits, na mwaka 2002 kilinunua mkusanyiko wa Mwingereza mmoja, Humphrey Winterton, aliyetumia miaka mingi kutafuta albamu na picha za Afrika Mashariki. Ni picha zaidi ya 7,000, kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960. Humo mna reli ikijengwa kutoka Mombasa kwenda bara, mna Nairobi ilipokuwa bado changa, na mna Unguja kwa wingi. Maktaba imeziweka kwenye intaneti na mtu yeyote anaweza kuzitazama bila kulipa. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Albamu kama hizi, mwenyewe akishafariki, mara nyingi hunyofolewa picha moja moja zikauzwa huku na huku, na baada ya hapo hakuna anayeweza kuzirudisha pamoja.

Mimi ni fundi. Nimefanya kazi kwenye nyumba za mawe tangu ujana wangu, nikianza kwa kuchekecha mchanga na kulowesha chokaa. Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha picha hizo kwenye kompyuta yake, akidhani nitafurahi kuona vilemba na majoho ya zamani. Nilichokiona mimi ni mapaa.

Tazama picha za zamani zilizopigwa kutoka baharini. Mji wote ni mapaa bapa. Mabati tunayoyaona leo yalikuja baadaye, yakafunika kazi iliyokuwa chini yake. Paa la asili lilikuwa boriti za mkandaa, mti wa mikokoni, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa na kokoto vilivyopigwa kwa vijiti mpaka vikashikana. Boriti ya mkandaa haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Hayo kila fundi anayajua kwa mikono. Lakini maji ya mvua yalitokaje juu ya paa bapa? Picha zinakujibu. Unaiona milizamu, yaani mifereji ya kutolea maji, imetokeza ukutani, mmoja hapa, mwingine kule, na kila mmoja umewekwa mahali pake kwa sababu.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya Kiponda ambayo ukuta wake wa nyuma haukauki, kiangazi na masika. Mwenye nyumba alikwisha kuupaka saruji zaidi ya mara moja, na saruji juu ya matumbawe ni kuufungia unyevu ndani usitoke. Mpwa wangu alitafuta picha ya mtaa ule, tukaipata, na tukaitambua nyumba kwa umbo la kona yake na madirisha yaliyopangwa kwa namna isiyo ya kawaida. Juu ya ukuta wenyewe, chini kidogo ya ukingo wa paa, palikuwa na mlizamu. Tulipobandua saruji pale pale tuliukuta mdomo wake umezibwa kwa mawe. Maji yaliyokuwa yakipenya chini ya mabati hayakuwa na njia nyingine ila kushuka ndani ya ukuta. Picha aliyoipiga mtu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akiwa na shabaha zake nyingine kabisa, iliinusuru nyumba ya watu wanaoishi leo.

Nayataja haya kwa sababu bado tuna msiba wa Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la zamani hapa mjini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili walipoteza maisha. Sote tumelizoea jumba lile likiwa na mnara wa saa kifuani. Sultani wetu Sayyid Barghash hakulijenga hivyo mwaka 1883. Mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari, ukiwa na taa ya kuongoza vyombo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa mizinga, vita ikaisha kabla ya saa moja kutimia. Mnara ule ukaharibika, jumba la Beit al-Hukm likateketea, na mnara tuliokuja kuuona sisi ukajengwa baadaye ukiunganishwa na jumba lenyewe. Kabla ya hapo palikuwa na njia za juu zilizofunikwa, zikiunganisha majumba matatu ili wanawake wa kifalme wapite bila kuonekana na watu wa nje. Picha za kabla ya 1896 na za baada yake zipo. Fundi akizilinganisha anaona uzito mpya uliwekwa wapi juu ya kuta za zamani, na nguzo zipi za chuma ziliachwa zibebe nini. Kwa maoni yangu jumba lijengwe na mnara wake kama tulivyoujua, maana nao sasa ni historia. Lakini anayejenga aione kwanza sura ya jumba kama alivyolijenga Barghash.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha hizi ni haba mno. Mengi yaliandikwa na waliokuwa na albamu: maofisa, mabaharia, wake wa maofisa, watu waliokaa miaka michache wakaondoka. Utakuta mtaa, mlango, soko. Picha za studio ndizo zinazoniuma zaidi. Wapiga picha wa hapa, akina Gomes na ndugu wa Coutinho, wote Wagoa, waliwapiga watu picha nzuri sana kisha wakaziuza kama kadi za posta kwa wageni wa melini. Jina la studio unaliona wazi. Aliyeketi kwenye kiti mara nyingi ameachiwa maneno mawili matatu: mwanamke wa Kiswahili, muuza maji, mchukuzi. Mwanamke yule alikuwa na jina, na pengine ana vitukuu Miembeni au Kikwajuni wanaopita kila siku Darajani bila kujua kwamba uso wa mama mzaa bibi yao uko Marekani.

Jioni moja tulichukua picha chache za mitaa, tukazichapisha kwenye karatasi kubwa na kwenda nazo barazani Malindi. Bibi mmoja, mkubwa kwetu sote, aliishika picha ya uchochoro mmoja akautazama mlango wake kwa muda mrefu. Akasema, “Mlango huu hauko hapa tena, mwanangu. Uliuzwa alipofariki mzee mwenye nyumba.” Akatwambia nyumba ilikuwa ya nani, nani alipanga chini, kisima kilikuwa upande gani, na mlango wenyewe sasa umo katika nyumba gani, mtaa wa pili. Tulikwenda tukaukuta, na samaki na minyororo yake ya nakshi ni ile ile ya kwenye picha. Mpwa wangu aliandika kila neno katika daftari la shule. Kwa hiyo leo picha iko Evanston na maelezo yake, tena ya mtu anayejua, yamo katika daftari chini ya godoro la kijana Unguja. Hakuna utaratibu unaoviunganisha.

Utaratibu huo ndio ninaouomba. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanafunzi wa historia na wa lugha. Nyaraka za Taifa pale Kilimani wana picha zao wenyewe na watu wanaojua kutunza kumbukumbu. Wakishirikiana, wanaweza kuiandikia maktaba ya Northwestern wakaomba nakala kubwa za picha za Unguja na Pemba, zinazotosha kuchapishwa ukaona hata ufa wa ukuta. Kisha ziletwe barazani, mtaa kwa mtaa. Mwanafunzi akae na wazee na kalamu yake, kila picha na namba yake, aandike anachoambiwa na nani amemwambia. Wakikhitilafiana wazee wawili, yaandikwe yote mawili. Mwisho daftari hizo zitumwe Evanston ziwekwe pamoja na picha, na nakala ibaki Kilimani. Wenzetu wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambao tangu 1993 wanatunza picha za Royal Commonwealth Society, na wale wa Frankfurt wenye picha za Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, wanaweza kuombwa vivyo hivyo, maana huko ndiko zilikolala nyingi za Bagamoyo, Tanga na Kilwa.

Wapo wanaosema tudai picha zenyewe zirudi. Mazungumzo hayo yana haki yake na wenye elimu ya sheria wayafanye. Mimi nina haraka na jingine. Karatasi iliyo kwenye chumba chenye ubaridi uliopimwa itadumu. Aliyemjua mzee mwenye nyumba ile ya mlango hawezi kungoja kikao cha mwakani.

Nawaomba pia wenye albamu majumbani. Familia nyingi zina picha zilizopigwa Capital Art Studio, ile aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, za harusi, za Idi, za wanafunzi waliomaliza skuli. Joto letu na mchwa haviziachi. Usiziweke kwenye kabati linalogusa ukuta wa nje, hata kama ukuta unaonekana mkavu, na ziandike majina nyuma kwa penseli laini, usitumie wino.

Na mafundi tusisahauliwe. Seti moja ya picha zilizochapishwa iwekwe mahali ambapo mtu anaweza kuingia na mikono yenye chokaa, kabla hajabandua ukuta, aangalie nyumba ile ilikuwaje. Mimi na wenzangu tuko tayari kusaidia kuzisoma bila malipo. Baada ya sala ya alasiri tunapatikana barazani Malindi, na daftari la mpwa wangu tutalileta.

Fundi wa majengo ya kale,
Malindi, Zanzibar