Shukrani kwa yule mama wa Ilemi

Jamani naomba nimshukuru yule mama aliyekuwa anapita mlango kwa mlango huku kwetu Ilemi akituita mkutano wa mtaa, jina sikumuuliza maana alikuwa anawahi nyumba nyingine na mvua ya Mbeya mnaijua. Wengi wetu hasa wapangaji tulidhani mkutano wa mtaa ni wa wenye nyumba na wazee, yeye ndo akatuambia hapana, ukishakuwa mkazi na umefika miaka 18 huo ni mkutano wako, mapato na matumizi msomewe hapo hapo na muulize. Tulipiga kura Novemba 27, 2024 tukachagua mwenyekiti na wajumbe afu kila mtu akarudi kwake, kumbe kazi ndo ilikuwa inaanza! Safari hii watu walijaa mkutanoni, vijana wa bodaboda wakaomba taa pale kona, kina mama wakasema mfereji umeziba taka maji yanaingia ndani, Jumamosi yake msaragambo, yaani kazi ya pamoja, majembe na makoleo, hadi wapangaji wapya walikuja. Sasa maji yanapita.

Mama, anayekufahamu akufikishie, ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), na mkutano ujao usikose maana watu wanataka kukupendekeza kamati ya usafi.