Barua kwa Sabra: mwenye kura nyingi ndiye mshindi?

Tanga, Jumapili jioni

Kwako Sabra,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote nyumbani. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Barua yako nimeipata, na swali lako limenichangamsha kuliko hata habari za harusi. Unauliza kama ni haki, wakigombea watatu uenyekiti wa chama chenu, apewe aliyepata kura nyingi hata kama hakufika nusu. Wazee wa kamati wamekwambia hilo si swali, mwenye nyingi ndiye mshindi. Waambie ni swali, na watu walishaumiza vichwa juu yake kabla babu wa babu zao hajazaliwa.

Mwaka 1770 huko Paris, ofisa wa jeshi la majini, Jean-Charles de Borda, aliwasomea wenzake wa Akademia ya Sayansi hoja ambayo ilikuja kuchapishwa mwaka 1784. Mfano wake ni wa wapiga kura 21. A kapata kura 8, B kapata 7, C kapata 6. Kwa kanuni ya wazee wenu A keshashinda, apigiwe vigelegele. Borda akataka kujua jambo ambalo karatasi ya kura haikuuliza: wa pili wako nani, na wa mwisho nani? Ikaonekana wale 7 wa B wote wamemweka A mwisho, na wale 6 wa C vilevile. Yaani watu 13 kati ya 21 walikuwa radhi na yeyote ila huyo huyo aliyetangazwa. Sasa mtazame C aliyeburura mkia. Akisimama na A peke yao, C anashinda 13 kwa 8. Akisimama na B, anashinda tena 13 kwa 8, kwa sababu kati ya wale 8 wa A, 7 wamemweka yeye wa pili. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe, usiniamini bure.

Dawa ya Borda ilikuwa alama: kila mpiga kura awapange wagombea, wa mwisho apewe 1, wa kati 2, wa kwanza 3, kisha zijumlishwe. Katika mfano huo A anapata 37, B 42 na C 47. Matokeo yamepinduka chini juu. Akademia yenyewe iliichukua njia hiyo kuchagulia wanachama wake.

Lakini katibu wa kudumu wa Akademia hiyo hiyo, Condorcet, hakuridhika. Huyu ndiye ninayempenda, kwa hiyo nisamehe nikikaa kwake zaidi. Mwaka 1785 alitoa kitabu kizito cha hesabu za uwezekano kuhusu maamuzi yanayofikiwa kwa wingi wa kura, kitabu kinachosifiwa na wengi kuliko wanaokisoma. Yeye alitaka wagombea washindanishwe wawili wawili, na anayemshinda kila mmoja wao ndiye achukue kiti. Kuonyesha kasoro ya alama alitunga mfano wa wapiga kura 81. Pierre anamshinda Paul kwa 41 dhidi ya 40, na Jacques pia Pierre anamshinda, tena kwa mbali kabisa. Ukipiga alama za Borda, Paul ndiye anayeibuka, kamzidi Pierre kwa alama 8. Zimetoka wapi? Zimetoka kwa Jacques, ambaye ni watu 11 tu waliomtaka awe wa kwanza. Mahali watu walipomtia Jacques kwenye orodha zao ndipo palipoamua ugomvi wa Pierre na Paul, na Jacques mwenyewe hana lake pale.

Ila Condorcet alikuwa mkweli, akaona shimo kwenye njia yake pia. Fikiria mimi, wewe na mama yako tunachagua chakula cha mchana. Mimi nataka pilau, kisha ubwabwa, kisha mihogo. Wewe ubwabwa, mihogo, pilau. Mama mihogo, pilau, ubwabwa. Pilau inaushinda ubwabwa kwa wawili dhidi ya mmoja. Ubwabwa unaishinda mihogo vivyo hivyo. Basi pilau ndiyo bingwa? La, mihogo inaishinda pilau! Kila mmoja wetu ana akili zake timamu, kikundi ndicho kilichorukwa. Mwaka 1951 Mmarekani Kenneth Arrow alithibitisha kihesabu kwamba machaguo yakifika matatu au zaidi, hakuna njia ya kuunganisha orodha za watu inayotimiza kwa pamoja masharti machache ambayo sote tungeyaona ya haki. Kwa hiyo mtu akikuletea njia isiyo na dosari, mpe kiti akae, mnywe chai, basi.

Kuna jambo moja ambalo mimi na Condorcet hatuelewani. Mwanafalsafa Rousseau, mwaka 1762, alikuwa ameandika kwamba maoni yangu yakishindwa kwenye kura, maana yake nilikosea kuhusu matakwa ya umma. Condorcet alilitia wazo la namna hiyo kwenye hesabu. Kila mpiga kura akiwa na nafasi ya asilimia 60 ya kupatia jibu sahihi, uamuzi wa walio wengi kati ya watu 3 una nafasi ya karibu asilimia 65, na wa walio wengi kati ya watu 101 unafika karibu 98. Hesabu tamu. Ila ina kisu upande wa pili: nafasi ya kila mtu ikiwa chini ya nusu, kadiri wanavyoongezeka ndivyo wanavyokosea kwa uhakika zaidi. Tena inataka kila mtu aamue kwa akili yake. Nyumba 40 zikilishwa maneno na mdomo mmoja, hiyo ni kura moja iliyorudiwa mara 40. Na mwenyekiti wa chama si jibu lililofichwa mahali tukalitafute. Wengine wanamtaka mkali wa madeni, wengine mpole, na wote wana haki yao.

Kwenu Kenya mnalijua hili. Mwaka 1992 Moi alirudi Ikulu na asilimia 36 hivi, huku Matiba, Kibaki na Oginga Odinga wakigawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Nani angemshinda wakibaki wawili? Karatasi haikuuliza. Katiba yenu ya 2010 ikaja kudai zaidi ya nusu ya kura, pamoja na robo katika zaidi ya nusu ya kaunti, la sivyo kuna duru ya pili. Sisi Tanzania tulishakwenda kinyume: marekebisho ya mwaka 2000 yaliondoa sharti la nusu kwa rais.

Condorcet hakuishia kwenye kuhesabu, aliuliza pia anayehesabiwa ni nani. Mwaka 1781 aliandika dhidi ya utumwa, kwa jina la kubuni. Mwaka 1790, wakati kura ilikuwa ya wanaume waliolipa kodi ya kutosha, aliandika kudai wanawake wapewe uraia kamili. Kesi ya mfalme Louis wa 16 ilipofika, katika Mapinduzi ya Ufaransa, alikataa adhabu ya kifo. Rasimu yake ya katiba ya Februari 1793 ikawekwa kando, akaishambulia iliyopitishwa badala yake, na Julai ikatolewa amri akamatwe. Alijificha Paris kwa mjane mmoja, Madame Vernet, miezi mingi akiandika juu ya maendeleo ya binadamu. Machi 1794 alitoka, akakamatwa, na siku mbili baadaye akakutwa amekufa selo. Waliomwandama walikuwa na wingi wa kura bungeni. Ndiyo maana nakuuliza na mimi: wale akina mama wanaochangia kwa jina la mume, wamo kwenye daftari lenu?

Ushauri wangu, shoga yangu, ni huu. Kila mwanachama awapange wote watatu. Washindanisheni wawili wawili, kazi yenyewe ni jedwali dogo tu. Ikitokea mduara kama ule wa pilau, ndipo mtumie alama za Borda, na hilo liandikwe kwenye katiba sasa hivi, kabla majina hayajatajwa. Alama peke yake sikushauri. Inasimuliwa kwamba Borda alipoambiwa watu watamtupa mpinzani mkali mwisho makusudi, alijibu kuwa njia yake ni ya watu waaminifu tu. Kwa unavyonisimulia kikao chenu cha mwisho, hapo pana kazi.

Rasimu ikikamilika nitumie niipitie kabla ya mkutano mkuu, hasa kifungu cha daftari. Na safari hii taja wanaogombea, usinifiche.

Ni mimi rafiki yako,
Zainabu