Kwa Neema: mchele wenu, mchele wa Pakistan na ushuru unaoitwa wa pamoja

Arusha

Neema rafiki yangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa kuchaguliwa katibu wa chama chenu cha wakulima wa mpunga hapo Mbarali. Umeuliza kwa nini mchele wenu, unaoingia Kenya bila ushuru, bado unazidiwa sokoni Nairobi na mchele uliovuka bahari kutoka Pakistan. Wenzako wanalaumu nauli ya malori. Nauli ipo kweli, lakini anza na hesabu ya forodha.

Kiwango cha pamoja cha ushuru cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni 75% ya thamani, au dola 345 kwa tani. Kinatozwa kilicho kikubwa. Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikiomba isikitumie, ikatoza 35% au dola 200 kwa tani. Tuseme tani imefika Mombasa kwa dola 400, nauli na bima ndani yake. Kwa kiwango cha pamoja, 75% ni dola 300, hivyo mwagizaji angelipa 345. Kwa kiwango cha Kenya, 35% ni dola 140, hivyo analipa 200. Tofauti ni dola 145 kwa tani, au 14.50 kwa gunia la kilo 100. Huo ndio mwanya mnaoshindana nao kabla hata lori halijawashwa.

Kenya haifanyi hivyo kwa kuwachukia. Mchele wake hautoshelezi walaji wake, na Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya. Wauza chai wanaogopa kisasi, waagizaji wanataka mzigo wa bei nafuu, na serikali inataka mijini kutulie. Makundi hayo matatu yakiomba jambo moja, nani ataomba kinyume chake? Wakulima wa Mwea, ambao nao ni Wakenya, wanaumia pamoja nanyi. Kwa hiyo achaneni na lugha ya Tanzania dhidi ya Kenya; mstari wa mgongano haupiti mpakani Namanga.

Njia yenyewe ni halali kabisa. Itifaki ya Umoja wa Forodha, iliyoanza kutumika Januari 2005, inaruhusu Baraza la Mawaziri kurekebisha ushuru unaoleta madhara. Kila mwaka nchi hukusanya maombi ya wenye viwanda na wafanyabiashara, mawaziri wa fedha wanakutana kabla ya bajeti za Juni, kisha orodha inatoka katika Gazeti la Jumuiya na kuanza kutumika Julai 1. Utaona kurasa kwa kurasa za "badala ya": nchi fulani itatoza 10% badala ya 35%, kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja huo husogezwa mbele, na tena mbele. Mwaka 2022 liliongezwa daraja la nne la ushuru wa pamoja, la 35%, juu ya yale ya 0, 10 na 25, na sababu mojawapo ilikuwa kupunguza maombi haya. Maombi hayajakoma.

Kuna pia unafuu wa ushuru, unaopewa kiwanda kwa malighafi. Sukari ya viwandani ni mfano mzuri: kiwango cha pamoja cha sukari ni 100%, lakini kiwanda chenye unafuu hulipa 10%. Mgogoro unazuka pipi zinapovuka mpaka. Tanzania iliwahi kuzitoza pipi na biskuti za Kenya 25%, ikidai zimetengenezwa kwa sukari iliyoingia kwa unafuu. Nchi moja inampunguzia mwenye kiwanda chake, jirani anajikinga, na soko la pamoja linabaki kwenye hotuba.

Sisi nasi si malaika. Mwaka 2013 Tanzania ilipofungua mlango kwa mchele wa nje bila ushuru, majirani waliona mchele wa Asia ukiwafikia kupitia kwetu, wakaanza kuutoza hata wa wakulima wetu kama wa kigeni. Waliopata faida walikuwa waagizaji wachache. Waliolipa ni watu kama ninyi.

Mizizi iko kwenye Mkataba wa 1999. Utangulizi wake unataja ushiriki hafifu wa sekta binafsi kuwa miongoni mwa sababu za Jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka 1977, na pia mgawanyo usio sawa wa faida. Sababu ya kwanza ilipata dawa: ushirikiano "unaoongozwa na soko", na Baraza la Biashara la Afrika Mashariki likapewa hadhi ya mtazamaji. Ya pili ilipata kidogo sana. Mkataba wa 1967 ulikuwa na kodi ya uhamisho, iliyotozwa bidhaa za nchi mwanachama jirani ili kulinda viwanda vya nchi dhaifu, na benki ya maendeleo. Safari hii walichopata Uganda na Tanzania ni miaka mitano ya kupunguza polepole ushuru wa baadhi ya bidhaa za Kenya, ikaisha 2010. Kwa maoni yangu, mipango ya wazi iliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na maombi ya kiwanda kimoja kimoja.

Sasa kazi yenu. Msisubiri hotuba ya bajeti. Hapo mambo yameshaisha. Pelekeni hoja miezi mingi kabla, kupitia Baraza la Mchele Tanzania, na mtafute sahihi za Mwea. Msiombe Kenya ifute kiwango chake cha chini mara moja, hawatakubali. Ombeni kipandishwe hatua kwa hatua, au kiwango kipande miezi ya mavuno yenu. Upande wa uasili, yaani kuonyesha kuwa bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, mpunga uliolimwa nchini hauna shida ya asilimia ya malighafi za nje. Shida ni kuthibitisha. Tunzeni stakabadhi za shamba na kinu kwa kila shehena, na msichanganye kamwe na mchele wa dukani. Cheti rahisi cha uasili ni cha mzigo usiozidi dola 2,000, na lori lenu litazidi hapo, kwa hiyo chukueni cheti kamili.

Nitumie gharama zenu kwa tani: mpunga, kukoboa, magunia, nauli hadi Namanga na ushuru wa halmashauri, kila kimoja na mstari wake. Nitazipanga kando ya zile 145.

Rafiki yako,
Salim