Wanangu mliorudishiwa picha

Wanangu wachoraji,

Nimesikia jopo la maonyesho limezikataa na kuzirudisha picha zenu, na wawili kati yenu wameapa hawashiki brashi tena. Nimekosa usingizi kwa hilo. Msiape. Akina Monet na Renoir, wachoraji wa Ufaransa ambao mmezibandika picha zao ukutani, nao walirudishiwa.

Paris ya wakati wao mlango ulikuwa mmoja: Salon, maonyesho yaliyotambuliwa na serikali. Majaji walipenda picha laini, isiyoonyesha brashi ilipopita. Mwaka 1863 zilikataliwa nyingi mno hata Mfalme Napoleon III akaamuru zitengewe ukumbi wao. Wengi walikwenda kucheka, na mchoraji Manet (si Monet) alichekwa sana.

Monet, Renoir, Sisley na Bazille walikutana wakiwa vijana kama ninyi, kwenye karakana ya mwalimu wao, Gleyre. Wakatoka kuchora nje. Zamani rangi ya mafuta ilitiwa kwenye kibofu cha nguruwe. Ukikitoboa, rangi hukauka. Mwaka 1841 ikaja tyubu ya bati: unaminya, unafunga, unatia mkobani. Itazameni tyubu yenu leo usiku. Hiyo ndiyo iliyowarahisishia safari ya mtoni na vilimani, wakaona kivuli juu ya theluji si cheusi bali kina buluu, na kwamba jua halimsubiri mtu. Ndiyo maana brashi zao zina haraka.

Bazille ndiye ninayemlilia. Mwaka 1867 aliwaandikia wazazi wake kwamba yeye na wenzake wanataka kukodi ukumbi, waonyeshe kazi zao wenyewe. Pesa hazikutosha. Mwaka 1870 akafa vitani, ana miaka 28.

Wenzake hawakuliacha wazo lake. Waliunda chama, wakachanga faranga 60 kila mmoja, na Aprili 15, 1874 wakafungua milango katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Monet alileta picha ya bandari ya Le Havre alfajiri, akaiita "Impression, soleil levant", yaani "Taswira, jua likichomoza". Mwandishi Louis Leroy akaokota neno "impression" kuwadhihaki, nalo likawa jina lao: Waimpressionisti. Kufikia Desemba chama kilikuwa na madeni, kikavunjwa. Mwaka 1876 wakaonyesha tena! Mara nane hadi 1886, na mwenzao Pissarro hakukosa hata moja.

Sebule yangu ina dirisha la mashariki. Jumamosi njooni na picha zote zilizorudishwa, ninyi wawili mtangulie. Misumari ninayo.

Mzee wenu