Mashine yako haina kosa, ni karanga hizo

Tangu ile Machi 2021 Kenya iliposimamisha mahindi ya Uganda sababu ya sumukuvu, kila mfanyabiashara anataka karatasi ya vipimo, na sisi tunaouza vifaa vya maabara hapa Kampala simu hazikati. Lalamiko ni lilelile, ati HPLC, ile mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, imekufa, grafu imejaa vilima mpaka hujui aflatoksini, yaani hiyo sumukuvu, ni ipi. Ukienda unakuta mashine nzima kabisa, shida ni ilicholishwa. Karanga karibu nusu yake ni mafuta, na wewe unatafuta maikrogramu chache tu kwa kilo, standadi ya Afrika Mashariki inataka B1, aflatoksini iliyo kali zaidi, isizidi 5 na jumla ya aflatoksini zote isizidi 10, sasa kwenye mafuta yote hayo utaionaje?

Kusafisha sampuli kabla ya kuiingiza kwenye mashine, wengi wanatumia katriji (vichujio vidogo) za aina ya C18, bei nafuu sawa, ila zile zinashika chochote kinachopenda mafuta. Ndo maana tumeanza kuleta za polima iliyochapwa. Unajua vile mtu anakandamiza ufunguo kwenye sabuni akachongeshe mwingine? Ndo hivyo hivyo, polima inapikwa ikizunguka molekuli inayofanana na sumu, ikishakuwa ngumu molekuli inaoshwa, yanabaki matundu ya umbo lake, aflatoksini ikipita inanasa na mafuta yanaenda zake. Nasema inayofanana kwa sababu wakipikia sumu yenyewe, mabaki yanavuja kidogo kidogo na karanga safi zinaonekana mbovu. Katriji za kingamwili, zile za protini zinazoshika sumu hiyo, ni nzuri pia, sibishi, lakini zinataka friji na umeme wetu mnaujua, hizi zinakaa kwenye shelfu tu.

Sasa kuna mteja alikuja juu, katriji zenu feki, kila gunia linatoka safi! Nikaenda nikasimama pembeni nikamwangalia. Bwana akachukua ile methanoli aliyosagia karanga akaimimina moja kwa moja, bila kuzimua. Methanoli ikiwa kali hivyo sumu haishiki, inateleza tu. Tukachukua taka zilizopita kwenye katriji zikadondokea kwenye bika, tukaziingiza kwenye mashine, kilima cha B1 hicho hapo kimesimama. Alicheka mwenyewe.

Kwa hiyo usinunue boksi zima kwanza. Njoo uchukue katriji mbili, nenda kaweke kiasi cha sumu unachokijua kwenye karanga safi, uone mashine itakurudishia kiasi gani. Jumamosi tunafunga saa saba mchana.